Ulimi Ugenini: Jinsi Mwili Unavyojifunza Chakula cha Mji Mpya

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu wapatao 843,000 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728. Ongezeko kubwa namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa uzazi peke yake. Wengi miongoni mwa watu hao walishuka katika basi au gari moshi wakiwa na sanduku moja, jina la ndugu atakayewapokea, na ulimi uliofunzwa kwingine. Mgogo ameacha mlenda na ugali wa mtama. Mhaya ameacha ndizi, Msukuma ameacha michembe, Mmasai ameacha maziwa. Jioni ya kwanza mgeni anaandaliwa wali wa nazi na samaki, au mihogo iliyopikwa kwa tui. Naye, aghalabu, hula nusu ya sahani kwa kumheshimu mwenyeji wake.

Miezi sita baadaye mtu huyo huyo huonekana amekaa kwenye benchi la mama lishe, akiuliza kwa nini leo tui ni jepesi. Nazi haikubadilika, wala mpishi. Kilichobadilika ni mlaji, na mabadiliko hayo yana njia zake ambazo sayansi imezichunguza kwa zaidi ya nusu karne. Wako pia wageni ambao hawafiki hapo. Hao hununua chipsi na soda, wakala peke yao chumbani, na mwaka ukapita kabla hawajajua majirani zao wanakula nini. Tofauti kati ya wageni hawa wawili si ya tabia tu. Inagusa damu, utumbo na afya ya miaka ijayo.

Ladha haikai ulimini peke yake

Watu wengi hudhani kwamba kuonja ni kazi ya ulimi. Ulimi una sehemu yake, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hutambua mambo matano tu ya msingi: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908 baada ya kutenga glutamati kutoka katika mwani. Ladha hii ya tano haina jina lililozoeleka katika Kiswahili, ingawa kila mpishi anayetia dagaa wakavu au nyanya zilizoiva sana katika mchuzi wake anaifahamu barabara.

Katika vitabu vingi vya shule imekuwapo picha ya ulimi uliogawanywa kama ramani ya mikoa: utamu mbele, uchungu nyuma, uchachu pembeni. Picha hiyo ilitokana na kazi ya Mjerumani D. P. Hänig ya mwaka 1901, ambayo ilifasiriwa vibaya katika kitabu cha Edwin Boring cha mwaka 1942 huko Marekani. Kwa kweli kila sehemu ya ulimi yenye seli za kuonjea hutambua ladha zote. Mwalimu anayeikuta ramani hiyo kitabuni asiipite kimya. Aitumie kuonyesha jinsi kosa linavyoweza kuishi kwa miaka mingi bila mtu kulijaribu, hali jaribio lenyewe linahitaji maji ya chumvi, maji ya sukari na kijiti chenye pamba.

Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha ni harufu. Chakula kinapotafunwa, molekuli nyepesi huruka kutoka kinywani, hupanda nyuma ya koo na kuingia puani kwa mlango wa ndani. Huko zinakutana na vipokezi ambavyo, kwa binadamu, ni vya aina 400 hivi. Jeni za vipokezi hivyo ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mwanafunzi anaweza kuyathibitisha haya darasani. Achanganye sukari na unga kidogo wa iliki, abane pua kwa vidole, kisha aweke mchanganyiko huo ulimini. Atahisi utamu tu. Akiachia pua, iliki hutokea ghafla kana kwamba imetiwa wakati huo huo.

Jambo hili ndilo linalomfanya mgeni ashindwe kula. Utamu na chumvi haviwi vigeni kwa mtu yeyote. Kigeni ni harufu. Tena sehemu za ubongo zinazopokea harufu ziko karibu sana na zile zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Harufu ya tui linalochemka, ambayo kwa mtoto wa Temeke ni harufu ya mama na ya Idi, kwa kijana aliyetoka Njombe jana ni harufu isiyo na habari yoyote. Hata umbo la nazi ni geni kwake: mafuta yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 za Selsiasi hivi, kwa hiyo Dar es Salaam huwa majimaji karibu mwaka mzima, lakini kwenye asubuhi ya baridi nyanda za juu huganda kama samli.

Pilipili ina habari yake peke yake, kwani ukali wake si ladha wala harufu. Kemikali iitwayo kapsaisini huamsha vipokezi vile vile vinavyopokea maumivu ya joto kali, kuanzia nyuzi 43 hivi. Kipokezi hicho kilitambuliwa na kikundi cha David Julius mwaka 1997, na kazi hiyo ilikuwa sehemu ya iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa hiyo anayesema kwamba mihogo ya kuchoma yenye pilipili inamuunguza hasemi kwa mafumbo. Neva zake zinatoa taarifa ya moto, na ubongo ndio unaojifunza, polepole, kwamba moto huo hauchomi.

Woga wenye sababu

Binadamu ni mla-vyote. Ng'ombe akiona majani hana la kuamua, lakini mla-vyote hukabiliwa kila siku na mambo mawili yanayovutana: lazima ajaribu vyakula vipya ili aishi, na chakula kipya chaweza kuwa sumu. Woga wa chakula kigeni, kwa hiyo, si ushamba. Ni kinga ya zamani sana. Uchungu hasa hupewa nafasi ya pekee: binadamu ana aina 25 hivi za vipokezi vya uchungu, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Muhogo ni mfano mzuri. Una kemikali iitwayo linamarini, ambayo hutoa sayanidi tishu za muhogo zinapopondwa au kutafunwa. Mihogo michungu, yenye kemikali hiyo kwa wingi, lazima ilowekwe, ivundikwe au ikaushwe kwa utaratibu kabla ya kuliwa. Ile mitamu inayochomwa barabarani Dar es Salaam haina haja ya kazi hiyo yote. Mgeni aliyetoka penye mihogo michungu akimwona mtu wa Pwani anatafuna muhogo mbichi hushtuka, na ana haki ya kushtuka.

Woga huu una upande mmoja ulio mkali mno. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake huko Marekani walieleza majaribio ambamo panya walipewa maji yenye utamu huku wakipigwa mionzi inayowaumiza tumbo. Baadaye panya hao waliyakataa maji matamu, ingawa maji hayakuwa na kosa. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba mwili hujifunza chuki hii kwa tukio moja tu, hata kama maradhi yanakuja saa kadhaa baada ya kula, na kwamba lawama huangukia zaidi chakula kisichozoeleka. Mgeni akiugua tumbo katika juma lake la kwanza mjini, hata kama chanzo kilikuwa maji ya kunywa, ulimi wake utamhukumu pweza aliyemwonja siku hiyo, na hukumu hiyo yaweza kudumu miaka.

Ndiyo maana usafi una nafasi kubwa katika habari hii kuliko inavyodhaniwa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi uliwakumbusha watu kwamba chakula cha mji na maji ya mji havitenganishwi. Bakteria wengi waletao maradhi huongezeka kwa kasi katika chakula chenye joto kati ya nyuzi 5 na 60. Wali unaopakuliwa ukiwa unatoa mvuke, maharage yanayochemka jikoni hadi mteja wa mwisho, na ndizi ambayo mlaji anaimenya mwenyewe, hivi ni vyakula vyenye usalama zaidi kuliko kachumbari iliyokatwa asubuhi ikaliwa alasiri. Mgeni mwangalifu haanzi kwa kukataa vyakula vya magengeni. Huanza kwa vile vya moto.

Dawa ya woga ni kurudia. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara nyingi, bila hata kupewa zawadi yoyote, humfanya mtu akipende zaidi. Leann Birch na Diane Marlin walilihamishia jambo hilo kwenye chakula mwaka 1982. Watoto wa miaka miwili walionjeshwa vyakula wasivyovijua, vingine mara 2, vingine mara 5, 10, 15 na 20. Kadiri walivyoonja mara nyingi ndivyo walivyokipenda chakula hicho. Kazi nyingine ya Birch ilionyesha kwamba kukitazama tu hakutoshi, lazima kionjwe. Kijiko kimoja kwa siku chatosha, mradi mtu asilazimishwe. Tumbo nalo hufundisha kwa njia yake. Harufu fulani ikifuatiwa mara kwa mara na shibe, mwili huanza kuitamani harufu hiyo kabla hata njaa haijakolea.

Benchi la mama lishe

Hata hivyo, hakuna mtu anayejifunza chakula kama panya katika kizimba. Katika jaribio jingine, lililotolewa mwaka 1980, Birch alimketisha mtoto apendaye mboga fulani pamoja na wenzake waliopenda mboga nyingine. Hakuna aliyemshauri kitu. Katika siku nne tu watoto wengi walianza kuchagua ile waliyokuwa wakiikwepa, na waliendelea kuichagua hata wenzao walipokuwa hawapo. Kumwona mwenzako akila na kubaki mzima ni ushahidi ambao mla-vyote huuamini kuliko maneno.

Hapo ndipo umuhimu wa mama lishe unapoonekana, na ni jambo la kushangaza kwamba wataalamu wa lishe wamemtazama zaidi kama tatizo la usafi kuliko kama mwalimu. Benchi lake ni darasa la mchanganyiko. Fundi wa Kinyakyusa, karani wa Kipare na mchukuzi wa Kisukuma hukaa bega kwa bega, sufuria zikiwa wazi mbele yao. Mgeni huona mwenzake anavyomega ugali, anavyochambua miiba ya changu, anavyokamulia ndimu juu ya mchuzi. Haulizi, kwa kuwa hana haja ya kuuliza. Akikosea, anachekwa kidogo. Na kucheka huko nchini Tanzania kuna kanuni zake. Utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulikua kwa kukutana kwa watu wa bara na wa Pwani katika safari za misafara na makazi ya mjini. Mtani ana ruhusa ya kukidhihaki chakula cha mwenzake na papo hapo kuchota katika sahani yake. Ni vigumu kubuni njia iliyo bora zaidi ya kumwondolea mtu woga wa chakula kigeni: dhihaka inakiri kwamba chakula ni cha ajabu, na mkono unaochota unathibitisha kwamba kinalika.

Baraza la kahawa nalo lina kazi hiyo hiyo. Kahawa chungu, isiyo na sukari, haipendwi na mtu siku ya kwanza. Inafuatana na kashata na mazungumzo ya mpira, na baada ya majuma machache uchungu wenyewe unakuwa alama ya jioni njema. Mwaka 2017 Robin Dunbar wa Uingereza alitoa matokeo ya uchunguzi wa nchini mwake, yakionyesha kwamba watu wanaokula na wenzao mara nyingi zaidi huwa na marafiki zaidi wa kuwategemea, na hujiona wamo katika jamii yao. Mwanafunzi wa sayansi na aangalie hapa: mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja liwe chanzo cha jingine. Yawezekana wenye marafiki ndio wanaoalikwa kula. Kwa mgeni wa Kariakoo swali hilo lina jibu la kiutendaji, kwa sababu benchi la mama lishe halihitaji mwaliko.

Mgeni huyo anaweza pia kujua kwamba chakula anachokiita cha wenyeji kilikuwa kigeni zamani. Dar es Salaam yenyewe ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, mahali palipokuwa kijiji cha Mzizima. Nazi, mchele na ndizi vilikuja kutoka pande za Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Muhogo, mahindi na pilipili ni mimea ya Amerika, iliyoletwa na Wareno baada ya safari za mwisho wa karne ya 15. Chapati na sambusa zina asili ya Bara Hindi na Asia ya Magharibi. Katika sahani nzima iliyo mbele ya Mgogo wetu, labda kunde peke yake ni mzaliwa wa Afrika. Na ule mtama aliouacha kwao Dodoma, ambao watu wa mjini humcheka kwa ajili yake, ndio wenyeji wa kweli wa bara hili.

Tumbo lina historia yake

Si kila kitu hujifunzwa kwa kurudia. Maziwa ni mfano. Watoto wachanga wote wana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, lakini kwa watu wazima wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua, na maziwa huwaletea gesi na kuhara. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kuwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki yametokea mabadiliko ya jeni yanayokifanya kimeng'enya kiendelee kufanya kazi ukubwani, na kwamba yalitokea mbali na yale ya Ulaya. Kwa hiyo katika bweni moja mwanafunzi mmoja atakunywa nusu lita ya maziwa bila taabu, na jirani yake ataumwa. Ushauri wa kuzoea hautamsaidia huyu wa pili. Mtindi utamsaidia, kwani bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Mabadiliko ya mwili wa mhamiaji yamepimwa Tanzania kwenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 na Nigel Unwin na wenzake uliwafuata watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakapimwa kabla ya kuhama na tena baada ya miezi 12. Uzito wao uliongezeka kwa zaidi kidogo ya kilo 2 kwa wastani, na kazi nzito za mwili zilipungua sana. Walikula nyama nyekundu zaidi. Lakini, kinyume cha matarajio ya wengi, walikula pia matunda na mboga zaidi kuliko walivyokula kijijini. Mji haukuwa umewaharibia chakula. Uliwafungulia milango miwili kwa wakati mmoja.

Mlango upi unaingiwa, hilo lina uzito. Mwaka 2025 watafiti wa Tanzania na Uholanzi walichapisha jaribio lililofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha huko, chenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka, walipewa kwa majuma mawili chakula cha mtindo wa Magharibi, kilichosindikwa na chenye nguvu nyingi. Waliozoea hicho cha pili wakapewa cha asili. Na kundi la tatu likanywa kinywaji kilichochachushwa cha ndizi na ulezi kwa juma moja. Damu ya waliohama kutoka chakula cha asili ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani wa mwili, na seli zao za kinga zilipambana na vijidudu kwa udhaifu zaidi. Kwa waliohamia cha asili, na kwa waliokunywa kinywaji kile, dalili za uvimbe zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baadaye. Majuma mawili ni muda mfupi kuliko ule ambao mgeni wengi wetu tunamwona akitafuta chumba cha kupanga.

Si chakula chote cha Pwani, basi, kinachostahili sifa moja. Mafuta ya nazi yana asidi za mafuta aina ya zile zinazopandisha kolesteroli, kwa hiyo tui la kila siku katika kila chungu lina gharama yake. Lakini maharage, mchicha, matembele, kisamvu, dagaa na ugali wa dona, ambavyo mama lishe huviuza kwa bei ndogo kuliko sahani ya chipsi, vinakaribiana sana na kile chakula cha asili kilichopimwa Kilimanjaro. Mgeni aliyejifunza kuvipenda ameokota kinga bila kukusudia.

Baada ya miaka kadhaa huyo mgeni huoa au kuolewa, na mtoto huzaliwa Muhimbili au Amana. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walitoa habari za akina mama walioombwa kunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito, au katika miezi ya kwanza ya kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kulishwa uji wenye karoti, waliupokea kwa nyuso za kukunjamana kidogo kuliko watoto wengine, kwa kuwa harufu ile ilikwisha kuwafikia katika maji ya uzazi au katika maziwa. Mtoto wa mhamiaji, kwa hiyo, hufika duniani akiwa ameshaijua nazi. Akipelekwa Dodoma kumwamkia bibi yake, atawekewa mlenda, atauvuta kwa kidole, atautazama unavyonyumbuka, na atakula nusu ya sahani kwa heshima.